Mchango wa Maafa ni Amana

(Maandishi kamili ya mazungumzo yaliyokusudiwa masheha, wajumbe wa kamati za maafa, viongozi wa dini na wananchi wote wa Unguja na Pemba)



Desturi ya kuchangiana katika visiwa hivi ni kongwe kuliko sheria yoyote iliyoandikwa. Anapofikwa mtu na msiba, majirani zake hawangoji kuitwa. Mmoja huleta mchele, mwengine huleta kuni, na wa tatu hukusanya fedha na kuziandika katika daftari, jina kwa jina. Daftari hilo ndilo linalowawezesha majirani hao kuchangiana tena katika msiba wa pili bila ya manung'uniko.

Yanapotokea maafa makubwa, hali hubadilika. Mtoaji hamjui anayepewa, na anayepewa hamjui mtoaji. Baina yao pamesimama kamati, akaunti ya benki, ghala na gari la mizigo. Katika masafa hayo ndimo amana inamoweza kupotea, na ikishapotea mara moja, huwa taabu kubwa kuwarejesha watu katika kuchangia. Mazungumzo haya yanahusu namna ya kuilinda amana hiyo.

Visiwa hivi havihitaji kutafuta mfano mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa safarini kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Wavuvi na wenye vyombo vya kuchukulia watalii walikwenda kuokoa watu. Viwanja vya Maisara viligeuka pahala pa kutambulia maiti, na taifa zima likaomboleza kwa siku tatu. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203, lakini waliopotea baharini bila ya kuonekana walikuwa wengi zaidi. Kabla ya kutimia mwaka, tarehe 18 Julai, 2012, meli ya MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe. Mara zote mbili wananchi, taasisi na nchi rafiki walitoa michango kwa moyo mkunjufu.

Hata hivyo, kutoa ni sehemu nyepesi. Spice Islander ilichukua watu wengi kupita kiasi ilichoruhusiwa, na orodha ya abiria haikulingana na watu waliokuwamo. Kwa hiyo majina ya waliopotea ilibidi yatafutwe majumbani, kwa jamaa zao. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mgao wa haki huanzia katika orodha ya haki. Mzazi ambaye jina la mwanawe halikuandikwa popote huwa amefiwa mara mbili: amempoteza mtoto, na hana hata karatasi ya kuthibitisha kwamba mtoto huyo alipanda meli. Kwa upande wa pili, jina moja la uongo likiingia katika orodha, hula fungu la yatima wa kweli.

Ndugu Wananchi,

Watu wa visiwa hivi wanaielewa maana ya amana kupitia wakfu. Mtu anapoweka wakfu nyumba au shamba lake kwa ajili ya msikiti, mayatima au wasafiri, sharti lake huheshimiwa hata baada ya yeye kufariki. Msimamizi wa wakfu hana ruhusa ya kusema kwamba ameona jambo jengine lililo bora zaidi, akaligeuza sharti kwa matakwa yake. Mchango wa maafa unafanana na wakfu kwa jambo hilo. Aliyetoa shilingi elfu moja kwa ajili ya waliozama ameitoa kwa sharti, hata kama sharti hilo hakuliandika. Anayeipokea hakupewa mali, amekabidhiwa kazi.

Mfano mkubwa wa kuheshimu sharti la mtoaji ulionekana baada ya mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Disemba, 2004. Mawimbi hayo yaliua zaidi ya watu 220,000 katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi, hasa Indonesia, Sri Lanka, India na Thailand, na yakafika hadi pwani ya Somalia na Tanzania. Fedha zilimiminika kwa wingi usio wa kawaida. Siku chache tu baada ya maafa, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitangaza kwamba fedha zilizokwisha kupokewa zinatosha kwa kazi lililoweza kuifanya katika maafa hayo, na likaacha kupokea nyengine kwa ajili hiyo. Likawaomba waliokwisha kutoa ruhusa ya kuzielekeza fedha zao kwa watu wengine wenye dhiki. Wapo waliolilaumu shirika hilo kwa kuhofia kwamba watu watavunjika moyo wa kutoa. Lakini lilichokifanya ndicho kinachotakiwa kwa mshika amana: kazi inapokwisha au inapobadilika, humrejea mwenye mali na kumuuliza.

Tsunami hiyo ilifundisha jambo la pili. Tathmini ya pamoja ya mashirika ya misaada, iliyotolewa mwaka 2006, ilionyesha kwamba jumla ya misaada iliyotolewa au kuahidiwa ilifikia dola za Marekani bilioni 13.5, sawa na kiasi cha dola 7,100 kwa kila mtu aliyeathirika. Katika mwaka huo huo wa 2004, mafuriko ya Bangladesh yaliwaathiri watu milioni 36, na msaada wao haukuzidi dola 3 kwa kila mmoja. Tofauti hiyo haikutokana na ukubwa wa dhiki peke yake. Maafa ya tsunami yalionekana katika televisheni za dunia nzima wakati wa sikukuu, na mafuriko hayakuonekana hivyo. Moyo hufuata jicho. Ni wajibu wa wenye kusimamia michango kuwakumbusha watoaji wale wasioonekana.

Jambo la tatu ni vitu. Wengi hupenda kutoa nguo, vyakula na dawa, na nia yao ni njema. Lakini kitu kisichohitajika ni mzigo kwa aliyefikwa na maafa. Baada ya tetemeko la ardhi la Armenia mwaka 1988, zilipelekwa kiasi cha tani 5,000 za dawa na vifaa vya tiba. Iliwachukua watu 50 muda wa miezi sita kuzichambua, na ni asilimia 30 tu ya dawa hizo zilizoweza kutambuliwa kwa wepesi, kwani nyengine ziliandikwa kwa lugha zisizofahamika na wapokeaji au hazikupangwa. Wakati wa vita vya Bosnia, baina ya mwaka 1992 na 1996, ilikadiriwa kwamba tani 17,000 za dawa zilizopelekwa huko hazikufaa kutumika. Kuziteketeza nako kulihitaji fedha. Kutokana na mambo kama hayo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa mwaka 1996, na msingi wake wa kwanza ni kwamba dawa zitolewe kwa mujibu wa mahitaji ya anayepokea. Kabla ya kufunga mzigo, ni lazima pawe na aliyeuliza: kinahitajika nini?

Ndugu Wananchi,

Pale ambapo maafa yametokana na vita, amana huwa nzito zaidi. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, katika muda wa saa 24, watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 170,000 na 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Kambi ya Benaco iligeuka mji mkubwa kwa siku chache. Wananchi wa Ngara waliwapokea wageni hao, na misaada ikaja kutoka pembe zote za dunia.

Lakini miongoni mwa wakimbizi waliokuwa Tanzania na Zaire ya wakati huo walikuwamo pia waliopanga na kutekeleza mauaji ya kimbari. Baadhi yao waliitawala mipango ya kambi na kuugeuza mgao wa chakula kuwa chombo cha kuwashika watu. Mwishoni mwa mwaka 1994, tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua kuondoka katika kambi hizo, kwa hoja kwamba msaada ulikuwa ukiwapa nguvu wauaji. Mashirika mengine yalibaki, kwa hoja kwamba mtoto mwenye njaa hana hatia ya mtu yeyote. Kila upande ulikuwa na hoja nzito. Linalofaa kuzingatiwa hapa ni kwamba wote walipaswa kumweleza ukweli yule aliyetoa fedha zake, kwamba katika vita hakuna gunia linalogawiwa bila ya mtu mwenye silaha kulitazama.

Katika mwaka huo huo wa 1994, harakati ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu pamoja na mashirika mengine yalikubaliana juu ya kanuni kumi za mwenendo katika misaada ya maafa. Kanuni hizo zinataka msaada utolewe kwa kadiri ya dhiki, bila ya kutazama kabila, dini wala taifa. Zinataka mashirika yawajibike kwa pande mbili kwa pamoja, yaani wanaosaidiwa na wanaotoa. Na zinataka picha na matangazo ya kuombea michango yawaonyeshe waliofikwa na maafa kuwa ni watu wenye heshima zao. Kanuni hii ya mwisho inastahiki kukumbukwa na kila anayechukua picha ya mfiwa na kuisambaza ili watu watoe. Mama aliyepoteza watoto hakupoteza haki ya kusitiriwa.

Tanzania imepata fundisho jengine karibu zaidi. Tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu 17 walifariki na maelfu ya nyumba ziliharibika. Michango ilikusanywa nchi nzima. Kabla ya mwezi kwisha, baadhi ya maofisa waliondolewa katika nyadhifa zao kwa tuhuma ya kufunguliwa akaunti nyengine yenye jina lile lile la akaunti ya maafa. Baadaye Serikali ilieleza kwamba haitowajengea wananchi nyumba zao, bali itatengeneza skuli na majengo mengine ya umma. Uamuzi huo ulikuwa na hoja yake, kwani skuli iliyoanguka ni ya watoto wote. Lakini wapo waliochangia na waliobomokewa ambao walikuwa wakidhani vyengine, na mjadala mkubwa ukazuka. Laiti matumizi yangelitajwa wazi siku ile ile mchango ulipoombwa, mjadala huo ungelipungua.

Kwa upande wa pili, mwaka 2011, wakati wa ukame mkubwa wa Pembe ya Afrika, wananchi wa Kenya waliendesha kampeni iliyoitwa Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa kukusanya shilingi milioni 500 za Kenya katika muda wa wiki nne, na lengo hilo lilivukwa. Watu wengi wa kawaida walituma kiasi kidogo kidogo kwa simu. Kampeni hiyo ilitaja kiasi kinachotakiwa, muda wake, na mpokeaji wake, ambaye ni Msalaba Mwekundu wa Kenya. Mtoaji alijua anatoa nini, kwa nani na kwa muda gani.

Ndugu Wananchi,

Zanzibar hivi sasa ina Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Lakini Kamisheni haiwezi kuwapo katika kila mtaa, na kazi nyingi ya amana hufanyika katika shehia. Kwa mintarafu hiyo, kila kamati inayokusudia kuomba michango inashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

(a) Itaje wazi, kabla ya kupokea senti ya mwanzo, mchango ni wa nini, wa nani, na utakwisha lini.

(b) Iwe na akaunti moja au namba moja ya simu, itangazwe na kujulikana na wote, na kutoa fedha kuhitaji saini zisizopungua mbili.

(c) Orodha ya walioathirika itayarishwe na sheha pamoja na wazee, wanawake na vijana wa mtaa, na isomwe hadharani ili aliyesahauliwa aongezwe na asiyehusika aondolewe.

(d) Isipokee vitu kabla ya kuuliza mahitaji, na isipige picha ya mfiwa bila ya ridhaa yake.

(e) Kazi ikimalizika, hesabu ibandikwe pahala pa wazi: kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Ikiwa kuna kilichobaki, waliotoa waulizwe.

Mambo haya hayahitaji ofisi kubwa wala fedha nyingi. Yanahitaji daftari, kalamu na mtu mwaminifu. Bahari itaendelea kusafiriwa, mvua za masika zitakuja, na nchi jirani huenda zikapata tena misukosuko ya vita. Siku hiyo watu wa Unguja na Pemba wataombwa kutoa. Watatoa kwa wingi iwapo wanakumbuka kwamba walichokitoa mara iliyopita kilimfikia aliyekusudiwa.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia na aviepushe visiwa hivi na kila balaa.