Kurejesha Hesabu za Korosho kutoka Nakala ya Akiba



Tangu msimu wa 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia katika zao la korosho, malipo ya mkulima wa Masasi na Newala hufuata maandishi: kilo, daraja, namba ya mwanachama. Kompyuta yenye maandishi hayo ikiharibika, hurejeshwa kutoka nakala ya akiba. Na hapo kompyuta mpya huweza kugoma, ikidai kwamba mzigo hauna mwenyewe.

Mara nyingi mwenyewe yupo. Jedwali la mapokezi limerejeshwa kabla ya jedwali la wanachama, basi namba 214, mathalani, haina jina la kuegemea. Yatangulie majina, yafuate mapokezi, kisha malipo. Karani mwenye haraka huzima ukaguzi huo, au hufuta mistari iliyokataliwa. Kazi hupita, na kilo za mtu zimepotea.

Kosa likibaki, huenda majedwali yalinakiliwa siku mbalimbali, na aliyejiunga katikati akakosekana. Hapo kifunguliwe kitabu cha stakabadhi, ambacho siku hizi hudharauliwa bure. Nakala ya akiba yenyewe isiguswe. Na jumla ya kilo ilinganishwe na stakabadhi ya ghala kabla orodha haijapelekwa benki.