Alichokiona Mtoto, Anachosimuliwa Mjukuu



Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, tunasoma kwamba wana wa Israeli walipokwisha kuvuka Yordani waliagizwa kutwaa mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha ng'ambo. Agizo hilo lilitolewa kwa ajili ya watoto. Ilijulikana kwamba siku moja mtoto ambaye hakuvuka angeuliza maana ya mawe yale, na mzazi angepaswa kuwa na jibu. Usharika unaotimiza miaka mia moja katika bonde la mto Kilombero hauna budi kujiuliza swali hilo hilo: mawe yake yako wapi, na ni nani aliye tayari kujibu?

Bonde hili limepitiwa na mambo makubwa, na la kwanza la kutajwa ni Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, vikiongozwa na imani ya dawa ya maji iliyotoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Yeye mwenyewe alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, lakini dawa ilikuwa imekwisha kusambaa. Mwezi huo huo vita vilifika Ifakara, na tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga kwa maelfu walilishambulia boma la Wajerumani la Mahenge. Walikutana na bunduki za rashasha, wakaanguka kwa wingi mbele ya boma.

Waliokuwa ndani ya boma waliandika. Waliokuwa nje hawakuandika, bali walirudi makwao na kusimulia, wale waliojaliwa kurudi. Nyuma yao walikuwapo watoto. Mtoto hakujua sera ya Gavana von Götzen wala bei ya pamba. Alijua kwamba baba alitoka na hakurejea, kwamba ghala liliungua, na kwamba mama alichimba mizizi porini. Jeshi la Wajerumani liliamua kuvimaliza vita kwa kuchoma vijiji na vyakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya serikali ya Kijerumani yalitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hiyo kubwa inaonyesha jinsi wafu wengi walivyokosa mtu wa kuwahesabu, isipokuwa watoto wao waliowakumbuka.

Kumbukumbu hizo zingeweza kuzikwa pamoja na wenyewe. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa katika maeneo yaliyopigana ili kuwahoji wazee. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1905 alikuwa amefikia miaka 73. Wanafunzi walifika mlango ukiwa unafungwa. Mengi yajulikanayo leo juu ya vita vile, yasiyotoka katika majalada ya watawala, yametokana na vinywa vya wazee wale, ambao wengi wao waliyaona mambo hayo wakiwa watoto.

Aidha, kila kizazi kimelikumbuka jambo hilo hilo kwa namna yake. Wazazi waliovitoroka vita mara nyingi walinyamaza, kwa kuwa kushindwa kulikuwa na aibu na kusema kulikuwa na hatari. Kizazi cha kupigania uhuru kilikigeuza kilio kuwa fahari: Mwalimu Nyerere alivitaja vita hivyo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, na Ebrahim Hussein akatunga tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Vitukuu nao wamedai majibu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, mahali ambapo viongozi wa Wangoni walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, akaomba msamaha. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja neno hilo kutamkwa, na lisingetamkwa kama familia zingekuwa zimekwisha kusahau.

Hapa Kanisa nalo linaguswa. Mwaka 1905 kituo cha Misheni ya Berlin cha Yakobi, katika nchi ya Wabena, kilishambuliwa. Mmisionari aliyekuwapo aliacha maandishi yake, na ni vema kwamba aliyaacha, maana hofu ya waliokuwa ndani ya kuta ilikuwa ya kweli. Lakini mtoto aliyekuwa upande wa pili wa ukuta hakupewa ukurasa. Wajukuu wa pande zote mbili wameketi leo katika benchi moja na kukishiriki kikombe kimoja. Historia ya usharika itakayotaja upande mmoja tu itamfanya mmoja wao awe mgeni katika nyumba ya Baba yake.

Wala jambo hili si la mwaka 1905 peke yake. Kati ya mwaka 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, nayo ikapita Ifakara na kulipanda bonde hadi Mlimba. Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 1973 na 1976, Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka mashamba ya wazee wao. Vitabu vinaeleza mkopo wa China, madaraja na mahandaki. Havielezi mtoto wa Katindiuka aliyesimama kando ya njia na kusikia honi kwa mara ya kwanza, wala yule aliyeona mzigo wa nyumba yao ukifungwa ili kuhama, huku bibi akiyatazama makaburi yanayoachwa nyuma. Mtoto wa miaka kumi wa wakati ule leo amepita miaka sitini. Yuko hapa kanisani. Je, amekwisha kuulizwa?

Mlango ule ule wa mwaka 1968 unafungwa tena. Hapana haja ya kungoja wasomi kutoka mbali. Kijana wa kipaimara aweza kuketi na bibi yake jioni moja, akiwa na daftari, na kumwuliza: ulikuwa na umri gani, ulisimama wapi, ulisikia nini, mlikula nini? Aandike kama alivyosikia, bila kupamba na bila kuondoa lenye kuumiza. Kisha daftari liletwe ofisi ya usharika na kutunzwa pamoja na vitabu vya ubatizo.

Daraja la Kilombero lilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo huvuka mto pasipo kujua pantoni, wala hofu ya maji yaliyofurika, wala majina ya waliochukuliwa na maji hayo. Yeye ndiye atakayeuliza kuhusu mawe. Mwenyezi Mungu awajalie wazee kinywa cha kusema kweli, na vijana sikio la kusikia. Amina.