Rosa Alikosa wa Kumwambia

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wazazi na vijana)



Tumeombwa tuseme machache juu ya vitabu vya hadithi wanavyosoma vijana wetu, hasa vile vinavyotaja mapenzi. Twajua wengine mmekuja mkitumaini kwamba tutavilaani. Hatukuja kulaani. Tumekuja kuungama.

Nyumbani kwetu sisi wenyewe, binti yetu alipokuwa kidato cha tatu, tulikuta kitabu chini ya godoro lake. Kilikuwa Rosa Mistika, cha marehemu Euphrase Kezilahabi. Tulikwisha kusikia kwamba ni kitabu kibaya. Hatukuuliza neno. Tulimnyang'anya, tukamgombeza mbele ya wadogo zake, tukakifungia kitabu sandukuni. Usiku, watoto walipolala, sisi na mama yake tukakitoa tukakisoma, maana mtu hawezi kuhukumu kesi asiyoisikia. Tulipofika mwisho taa ilikuwa karibu kuzimika, na sisi tulikuwa tumeona haya.

Tulionea haya nini? Ndugu zangu, ndani ya kitabu kile yumo baba aitwaye Zakaria, wa kisiwa cha Ukerewe. Zakaria hataki bintiye Rosa azungumze na kijana yeyote. Barua moja tu kutoka kwa mvulana yampatia Rosa kipigo. Hafundishwi, anakatazwa tu. Kisha anakwenda shule ya bweni, mbali na fimbo ya baba, na huko anakutana na dunia ambayo hakuna mtu aliyemweleza habari zake. Wenye vyeo na wenye umri wa kumlinda ndio wanaomharibu. Mwisho wake anajiua. Sisi tulipokifunga kitabu kile hatukumfikiria Rosa. Tulimfikiria Zakaria, kwa sababu jioni ile ile tulikuwa tumesema maneno yake.

Kitabu hiki kilitoka mwaka 1971. Kilikatazwa kusomwa darasani. Baadaye kikaruhusiwa, kikawa miongoni mwa vitabu vya fasihi vilivyosomeshwa sekondari Tanzania na Kenya. Basi swali letu leo ni hili: katika miaka ile ya kukatazwa, ni binti gani aliyeokoka kwa kutokisoma? Waliotaka kukisoma walikisoma kwa siri, na mtu asomaye kwa siri hana wa kumwuliza.

Wako watakaosema, "Mambo haya si mila yetu. Sisi Waafrika hatusemi habari za mapenzi mbele ya watoto." Tuseme kweli, ndugu zangu. Mila zetu hazikuwa za kunyamaza. Watu wa pwani walikuwa na somo na kungwi, na makabila mengi ya bara yalikuwa na jando na unyago. Kijana alikaa na mtu mzima aliyechaguliwa, akaambiwa mwili wake ni nini, heshima ni nini, nyumba hujengwaje. Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi mzima, wala hakuona haya kumweleza namna ya kuishi na mume. Shaaban Robert naye alimtungia binti yake, Mwanjaa, utenzi wa mawaidha. Wazee wetu walijua kwamba mficha uchi hazai.

Ila walichagua mahali pa kusema, na mtu wa kusema. Leo mahali pale pamebomoka. Tumewapeleka watoto bwenini wakiwa bado wadogo, na tumefanya vyema, maana elimu ni ngao. Lakini tuliwapeleka bila somo wala kungwi, na sisi wenyewe twasema, "Watafundishwa shuleni." Shule nayo yasema, "Hayo ni ya wazazi." Hapo katikati kijana anabaki peke yake. Kilichobaki kumwambia neno ni kitabu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kitabu chema ni ulimwengu unaofunza bila kujeruhi. Aliyemsoma Rosa amekwisha kuona shimo kabla hajalifikia.

Tena kitabu hicho hakina budi kuwa chetu. Zamani za ukoloni, mwaka 1929, vijana wa shule walitafsiriwa kwa Kiswahili Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, hatukatai. Lakini katika Mashimo yale Mzungu ndiye anayeivuka Afrika kutafuta almasi, na Mwafrika humuonyesha njia. Kijana alisoma kurasa mia asijione mahali popote, isipokuwa nyuma ya msafara. Hakujiona akimpenda mtu, wala akigombana na baba yake, wala akijiuliza, "Mimi ni nani?" Taifa lisilowaandikia watoto wake maswali yao wenyewe huwafanya wageni nyumbani kwao.

Sasa tazameni jambo hili la ajabu. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais wa nchi, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, akauita Mabepari wa Venisi. Ndani yake yumo Jessica, anayevaa nguo za kiume, anatoroka usiku nyumbani kwa baba yake pamoja na mchumba wake, na mali ya baba anaichukua. Yumo Portia, ambaye hana ruhusa ya kumchagua mume, kwa sababu marehemu baba yake aliacha masanduku matatu yamchagulie. Mchezo huo ni mtoto na mzazi na mapenzi ya kwanza mtupu. Tuliusifu, na ulistahili sifa. Miaka miwili baadaye Rosa wa Ukerewe akatokea na shida zake, tukamfungia mlango wa darasa. Je, binti wa Venisi ana ruhusa ya kuwa na moyo, na binti wa Ukerewe hana? Au tuliogopa kwa sababu Venisi ni mbali, na Ukerewe ni nyumbani?

Chukueni na Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999, na mwaka 2021 kikafanyiwa filamu na Amil Shivji. Hadithi yake ni ya Unguja, enzi ya Mwingereza. Yasmini, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa mwanamume anayeweza kumzaa. Anakimbia ndoa ile, na jamaa zake wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma, Mswahili wa Ng'ambo, maskini. Huko anampenda Denge, kijana anayepigania nchi yake itoke mikononi mwa wakoloni. Sisi wanachama kitabu hiki chatugusa. Tulizoea kusema uhuru ni bendera na serikali. Mwandishi anatuonyesha kwamba saa ile ile Denge alipokuwa akiukataa utawala wa mgeni, msichana mmoja alikuwa akikataa kuuzwa na watu wake mwenyewe. Nchi haiwezi kudai kujichagulia njia, kisha ikawanyima binti zake haki ya kusema "nataka" na "sitaki".

Hatusemi kila kitabu ni kizuri. Viko vinavyoandikwa kwa ajili ya kuchochea tamaa na kuuza karatasi, na mzazi ana haki ya kuvikataa. Lakini avikatae akiwa amevisoma. Kitabu kibaya humwonyesha kijana raha bila gharama. Kitabu chema humwonyesha raha, gharama, na mtu wa kulaumiwa, hata kama mtu huyo ni baba.

Basi twaomba mambo matatu. La kwanza, wazazi, someni wanayosoma watoto wenu, na mkimaliza msiwahubirie, waulizeni walionaje. La pili, kila tawi lenye chumba lijaribu kuweka kabati la vitabu vya Kiswahili, maana chakula hununuliwa kila siku na kitabu hungoja fedha ambazo hazibaki. La tatu ni lenu, vijana. Andikeni. Mwaka 2023 ilitolewa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Mlango umefunguliwa. Tuandikieni habari zenu: mama anasema Kinyakyusa, baba anasema Kisukuma, mtaa mzima Kiswahili, nanyi mnampenda mtu ambaye bibi hataki kusikia jina la kabila lake. Hayo hakuna mtu wa London atakayeyaandika kwa niaba yenu.

Tumalizie pale tulipoanzia. Asubuhi ya pili tulimrudishia binti yetu kitabu chake. Alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akasimama kidogo, kisha akauliza: "Baba, kama Rosa ningekuwa mimi, ningemwambia nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia akae. Siku ile tulichelewa kwenda kazini, na hatujutii. Ndugu zangu, swali lile halikuwa letu peke yetu. Leo jioni mtakaporudi majumbani, liko linawangoja.