Risiti Isipotoka, Usiharakishe Kulipa Tena

(Maelezo ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi, katika mkutano wa hadhara wa kata)



Nimekuja kujibu swali linaloulizwa mara kwa mara dirishani: fedha imekwisha kulipwa, mashine imekaa kimya, karatasi haikutoka. Je, malipo yamepotea?

Ndugu wananchi, ile kompyuta iliyo mezani kwa karani ni terminali tu, yaani mlango. Hupeleka taarifa na kuonyesha majibu. Daftari lenyewe limo katika kompyuta kuu, iitwayo seva, ambayo haipo katika ofisi ya kata. Printa ni chombo cha tatu, kinachongoja kuagizwa. Vyombo hivi huelewana kwa kuwa kila kimoja kina anwani katika mtandao: namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255.

Fundi anapofunga terminali hutimiza mambo matatu. Kwanza, huipa anwani isiyotumiwa na chombo kingine, maana vyombo viwili vyenye anwani moja hugombana na mawasiliano hukatika. Pili, huielekeza ilipo seva. Tatu, huielekeza ilipo printa na kuijulisha ni ya aina gani.

Katika jambo hilo la tatu ndipo kasoro nyingi za risiti huanzia. Printa ikiachwa ipangiwe anwani na kifaa cha mtandao, umeme ukikatika na kurudi yaweza kupewa anwani mpya. Terminali huendelea kupeleka kazi kwenye anwani ya zamani, kama tarishi anayebisha hodi katika nyumba iliyohamwa. Ndiyo maana printa ya ofisi yafaa ipewe anwani ya kudumu.

Kasoro hiyo haiigusi seva. Malipo yaliyokwisha kuandikwa huko yamebaki huko, risiti itoke isitoke. Tena printa ikirekebishwa, kazi zilizokuwa katika foleni hutoka kwa mkupuo, pengine hata nakala mbili za risiti moja. Nakala ya pili si malipo ya pili.

Lakini mtandao ukikatika kabla taarifa haijafika kwenye seva, hilo ni jambo jingine. Kwa hiyo nawaomba mzingatie haya:

Kwanza, kabla ya kulipa tena, mwombe karani atafute malipo yako kwa namba ya malipo uliyopewa. Yakionekana, akuchapishie nakala. Yasipoonekana, tunza ujumbe wa simu unaothibitisha muamala, kisha umwone Mtendaji.

Pili, usiridhike na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono badala ya risiti ya mfumo.

Tatu, risiti zinazochapwa kwa joto hufifia zikikaa juani. Toa kivuli chake mapema, kwani huenda ukaihitaji mwakani.

Ndugu wananchi, ada na ushuru mnaolipa ni jasho lenu. Mwenye kujua daftari lake lilipo hawezi kutozwa mara mbili kwa sababu ya printa iliyonyamaza.