Kars: Mkoa wa Mpakani na Watu Waliohamishwa

Msomaji wa Afrika Mashariki akisikia Berlin na mipaka, fikra humpeleka moja kwa moja kwenye mkutano wa 1884. Lakini miaka 6 kabla ya hapo, katika jiji hilohilo na chini ya mwenyekiti yuleyule, Otto von Bismarck, mataifa makubwa yalikwisha kuamua hatima ya ardhi za wengine. Mkutano wa 1878 uliidhinisha Kars (leo kaskazini mashariki mwa Uturuki), Ardahan na Batum zitoke kwa Dola ya Uthmania na kuwa chini ya Tsar wa Urusi. Mkataba wa San Stefano uliotangulia ulikuwa umelisema jambo hilo waziwazi: ardhi hiyo ilipokewa kama sehemu ya fidia ya vita, badala ya fedha.

Makala hii inawahusu watu walioikalia ardhi hiyo.

Sensa ya Urusi ya 1897 ilihesabu wakazi 290,654 katika mkoa wa Kars. Waliosema Kiarmenia walizidi 73,000, Kituruki zaidi ya 63,000, Kikurdi karibu 43,000. Wagiriki walikuwa zaidi ya 32,000, Wakarapapak, watu wa jamii ya Waturki, karibu 30,000, na Warusi, wakiwemo askari wa ngome, zaidi ya 22,000. Hakuna kundi lililofikia hata theluthi moja. Takwimu hizi hunukuliwa sana kama picha ya Kars ya asili, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Mchanganyiko huo kwa sehemu kubwa ulikuwa haujatimiza miaka 20. Baada ya 1878 makumi ya maelfu ya Waislamu walihamia upande wa Uthmania, na serikali ya Tsar ikajaza vijiji vyao kwa Waarmenia na Wagiriki kutoka Anatolia, pamoja na Warusi. Hata Waestonia walipewa mashamba huko.

Miongoni mwa Warusi hao walikuwamo Wamolokani na Waduhobori, Wakristo waliolikataa kanisa la dola. Utawala uliwaona wasumbufu huko kwao, lakini mpakani ukawahitaji kama walowezi. Hesabu hiyo haikwenda walivyotaka wakubwa. Mwaka 1895 Waduhobori wa Kars, sawa na wenzao wa mikoa ya Tiflis na Elizavetpol katika Kaukazi, walikusanya silaha zao wakazichoma moto, wakikataa kuua kwa amri ya yeyote. Waliadhibiwa vikali. Mwaka 1899 zaidi ya 7,000 kati ya Waduhobori wa Kaukazi walipanda meli kwenda Kanada, na Leo Tolstoy alichangia nauli kwa mapato ya riwaya yake *Ufufuo*.

Anayetaka kuisoma historia hii katika mawe na aende kwenye Kanisa la Mitume, chini ya ngome ya Kars. Mfalme Abas wa Armenia alilijenga katika karne ya 10 kwa mawe meusi ya volkano, na sanamu za mitume 12 zimechongwa kuzunguka shingo ya kuba. Wauthmania waliligeuza msikiti. Warusi wakalifanya kanisa la Kiorthodoksi na kuongeza kumbi za kuingilia. Jamhuri ya Uturuki ikalifanya makumbusho, kisha msikiti tena. Mitume wale bado wapo.

Dola ya Tsar ilipokwisha kuanguka, kati ya 1918 na 1921 mkoa ulisambaratika. Wagiriki waliondoka, na Waarmenia wakakimbia jeshi la Uturuki la Jenerali Kâzım Karabekir lilipouteka mji mwezi Oktoba 1920. Mikataba ya Moscow na Kars ya 1921 ikaweka mpaka uliopo sasa. Wamolokani waliobaki waliendelea kulima na kusaga nafaka hadi 1962, wengi wao walipohamia Umoja wa Kisovieti.

Leo wakazi wengi wa Kars ni Wakurdi, Waturuki, Waazeri na wazao wa Wakarapapak. Wazao wa Waarmenia waliokimbia wako Gyumri, nchini Armenia, mwendo mfupi tu kwa reli iliyojengwa enzi za Tsar. Lakini Uturuki iliufunga mpaka mwaka 1993, na kwa zaidi ya miaka 30 mtafiti anayetaka kuzihoji familia za pande zote mbili amelazimika kuzunguka kupitia Georgia.