Paneli ya Kiyoyozi: Betri Kwanza, Bisibisi Baadaye

Feni ya kiyoyozi cha gari ikipuliza kwa kasi ya mwisho tu, wengi hukimbilia kulaumu paneli ya vitufe. Mara nyingi paneli haina kosa: kilichoungua ni rizista ya feni. Ipimwe hiyo kabla pesa ya paneli haijatoka mfukoni.

Paneli ikithibitika mbovu, kazi huanzia kwenye betri. Kwa magari mengi ya Toyota, spana namba 10 hutosha kulegeza waya wa hasi. Kisha fundi asubiri.

Toyota huagiza angalau sekunde 90, kwa sababu mfumo wa mifuko ya hewa hubaki na akiba ya umeme hata waya ukishachomolewa, na mfuko ukifyatuka karibu na uso wa fundi unaweza kumjeruhi vibaya. Soketi za njano kwa kawaida ndizo za mifuko hiyo. Zisiguswe, wala zisipimwe kwa taa ya majaribio!

Fremu ya paneli ibanduliwe kwa kifaa cha plastiki, si bisibisi ya chuma. Soketi ya paneli ibonyezwe kufuli lake, waya usivutwe. Anayenunua paneli ya mtumba alinganishe namba ya kipuri, maana sura hufanana huku pini zikitofautiana. Gesi ya kiyoyozi haihusiki hapa. Fundi anayetaka kuitoa aulizwe sababu.