Njia Inayokatika Darajani



Mkazi wa Kigamboni, Dar es Salaam, akisema pantoni, anataja kivuko kinachompeleka mjini. Fundi wa madaraja akilitamka neno hilohilo, ana maana ya sanduku kubwa la zege, tupu ndani, linaloelea majini na kubeba barabara mgongoni. Jioni hii nina maana ya fundi.

Mjini Seattle, Marekani, Ziwa Washington lina kina cha zaidi ya meta 60, na sakafu yake ni tope laini. Kusimamisha nguzo humo ni kazi ya gharama kubwa mno. Ndiyo maana barabara namba 520 ililazwa juu ya pantoni mwaka 1963, njia 2 kwenda na 2 kurudi, bila ukingo wa kusogezea gari lililoharibika. Dhoruba ilipovuma, mawimbi yalirukia magari. Upepo ulipozidi, daraja lilifungwa. Nguzo za sehemu za kuingilia zilikuwa tupu ndani, katika mji unaotikiswa na matetemeko. Na hofu ilikuwa na ushahidi: Novemba 1990 daraja jingine la kuelea katika ziwa hilohilo lilizama likiwa kwenye ukarabati, maji yalipojaa katika pantoni zilizokuwa zimetobolewa kwa ajili ya kazi.

Kwa hiyo lilijengwa jipya, likafunguliwa Aprili 2016. Lina urefu wa meta 2,350 hivi na pantoni 77, nalo likawa daraja refu kuliko yote yanayoelea duniani. Kuanzia mwishoni mwa 2011, waliovuka daraja la zamani walikuwa wakilipa ushuru unaopanda na kushuka kulingana na saa, ili kuchangia ujenzi huo.

Kilichonivutia mimi kwa miaka mingi ni njia moja iliyoongezwa kila upande, ya mabasi na magari yenye watu 3 au zaidi. Kabla yake, njia ya namna hiyo ilikuwapo mashariki mwa ziwa, pembezoni mwa barabara, lakini ilikatika kabla ya daraja. Basi lililojaa liliipita foleni yote, kisha likafika penye shida hasa na kuanza kuomba nafasi kama gari lolote. Abiria aliyeacha gari lake nyumbani alikaa foleni ileile na jirani yake aliyeendesha peke yake. Kwa nini aliache tena gari lake kesho?

Na kwa nini watu 3, wasiwe 2? Wawili hupatikana bila jitihada: mume na mke, mzazi na mtoto wa shule, waliokuwa wakisafiri pamoja tangu zamani. Njia hujaa, na basi hukwama. Ukidai 3, njia huonekana tupu, na dereva aliyesimama kando yake hukasirika. Naielewa hasira hiyo, lakini macho yanamdanganya. Njia ya kawaida, ikienda vizuri kabisa, hupitisha takriban magari 2,000 kwa saa, na mengi huwa na mtu mmoja. Mabasi 60 kwa saa, kila moja likiwa na watu 50, hupitisha watu 3,000. Na kati ya basi na basi, dakika nzima, lami iko wazi.

Mwezi mmoja baada ya daraja lile kufunguliwa, Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalianza Dar es Salaam kati ya Kimara na Kivukoni, yakiwa na njia yao ya pekee. Tangu hapo nimesikia mara nyingi kwamba njia ile imekaa bure. Haijakaa bure. Kila gari dogo linalojipenyeza humo huwanyang'anya nafasi watu waliobanana ndani ya basi, nao hawana honi ya kulalamikia. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa wengi wanaojipenyeza wamesoma vyuoni, pengine katika chuo hiki hiki.

Wabunifu wa Seattle walijua kwamba hata njia yao ya mabasi itajaa siku moja. Walilisanifu daraja ili pantoni nyingine ziweze kuunganishwa ubavuni mwake, libebe reli ya treni ya mjini. Reli hiyo haijawekwa, ila uzito wake umo tayari katika mahesabu.